Konzi ya Mkaa wa Nasiwa

Mtu wa Kampala akikuuliza unatoka wapi, ukimjibu Lunyo, atauliza tena: Lunyo ni wapi? Ukisema Busia, atasema, ah, pale kwenye malori. Nimelijibu swali hilo mpaka likaniota kama jipu. Ndiyo maana siku ile Daktari Harriet Imalingat alipopiga magoti juu ya kilima cha Sikoba, akafuta vumbi kwa brashi ya rangi na kusema, "Hapa palikuwa mji," mimi niliyesimama kando na sepetu yangu nilisogea karibu nisikie tena. Mji! Si kijiji, si boma la mtu mmoja na ng'ombe wake. Handaki lililozunguka kilima chote, nyumba mia tatu au zaidi ndani yake, njia zilizosakafiwa kwa mavi ya chuma, yale makapi ya tanuri. Na haya yote yalikuwapo kabla mtu yeyote hajachora mstari kati ya Busia yetu na Busia ya Kenya.

Mimi naitwa Mugeni. Ukoo wetu ni wa wafua chuma, ingawa nyundo ya mwisho ilinyamaza kabla baba yangu hajazaliwa. Msimu ule nilikuwa mmoja wa wachimbaji kumi na wawili wa Daktari, na niseme wazi, nilikuwa bora kuliko wote. Niliweza kushusha udongo unene wa kidole bila kuchanganya tabaka la juu na la chini. Na nikichimba, nilitunga. Mashairi nimejifunza mwenyewe, nikihesabu mizani kwa vidole huku nachunga mbuzi wa nyanya yangu, na sijui harusi wala matanga huku kwetu ambako sijaombwa kusimama.

"Mshairi!" Odoi alinipigia kelele kutoka shimo la pili. Odoi ni Mjopadhola wa Kwapa, Tororo, na mdomo wake haujui Jumapili. "Hilo shimo linachimbwa na sepetu, si na vina. Tangu asubuhi umetoa karai ngapi?"

"Karai thelathini na beti mbili. Wewe je?"

"Mimi natoa jasho tu. Jasho haina mizani."

Lorine akacheka. Kwa kicheko kile ningechimba mpaka nifike maji.

Lorine alikuwa wa Busia ya ng'ambo, binti wa Mama Metrine anayeuza dagaa sokoni. Kila asubuhi alivuka mpaka kwa miguu, akapanda boda mpaka Lunyo, begi la penseli mgongoni. Kazi yake ilikuwa vigae. Kila kipande cha chungu tulichokitoa ardhini alikiosha, akakipima, akakichora, kisha akaandika kimetoka shimo gani, kina gani, siku gani. Akikuta kipande asichoelewa kama ni mfupa au kigae, alikigusa kwa ncha ya ulimi. Mfupa wa kale hunata ulimini, kigae hakinati. Alifanya hivyo bila aibu, mbele ya watu wote, huku anatazama mbali kama mtu anayeonja mchuzi.

Alikuwa anaandika tasnifu yake ya chuo kikuu juu ya swali moja: ni nani waliofika kwanza Sikoba?

"Wewe imba wafalme," aliniambia. "Mimi nataka kujua nani alipika."

Alinionyesha kigae chenye mistari midogo kama nyayo za mdudu. "Hii ni kamba iliyosokotwa. Huyu mama aliiviringisha juu ya udongo ukiwa mbichi. Vyungu vya namna hii ni vya miaka mia nane hivi iliyopita, havizidi sana hapo. Vile vya kale zaidi, kama vya tanuri la Nasiwa, vina kibonyeo kitakoni, kama mtu amevibonyeza kwa dole gumba. Huku kilimani sijaona kibonyeo hata kimoja."

Nasiwa ni kijito chini ya kilima. Kando yake kuna tanuri la kuyeyushia chuma ambalo Daktari alilipima mwaka uliotangulia: miaka elfu moja na mia nne na zaidi. Lakini lile lilikuwa tanuri tu, peke yake porini. Watu walikuja, wakayeyusha, wakaondoka. Mji ulikuwa juu, na umri wake hakuna aliyeujua. Mimi nilitaka uwe mkongwe kama tanuri. Nilitaka uwe mkongwe kiasi cha kuwafunga mdomo watu wa Kampala, na wa Nairobi pia.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba tulifika chini kabisa ya shimo la tatu. Chini yetu palibaki udongo mwekundu ambao mguu wa mtu haukuwahi kuukanyaga. Juu ya udongo huo tulikuta mviringo wa matundu ya nguzo, na katikati mafiga matatu yangali yamesimama, na majivu kati yake. Nyumba ya kwanza ya Sikoba.

"Mkaa ya hapa tunachukua kesho," alisema Daktari. "Mkaa ikienda maabara, wanajua mti ulikufa lini. Hapo tutajua mji ilianza lini. Funikeni, twende."

Wenzangu wakaenda kuosha vyombo vya kazi. Mimi nilibaki kufunika shimo kwa turubai, na hapo ndipo nilipofanya nilichofanya.

Sisi wa ukoo wa wafua chuma tuna jambo letu. Ukifungua hame, mahali walipokaa watu wa zamani, na ukagusa jiko lao, huliachi likalala tupu. Unalitilia konzi ya mkaa na mavi ya chuma kutoka tanurini, ili wenye jiko wajue kwamba waliolifungua ni watoto wao, si wezi. Nyanya yangu Benedeta alifanya hivyo wakati wa kuchimba msingi wa nyumba ya baba. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Ni kama kubisha hodi, unabisha tu.

Jua lilikuwa bado juu ya vilima vya Samia. Nilishuka mbio mpaka Nasiwa, nikachota konzi moja tanurini, nikapanda, nikaitia katikati ya mafiga na kuisindilia kwa vidole viwili. Nikataja majina ya babu zangu saba. Nilijua fika kwamba kesho mkaa ungechukuliwa. Nilipanga kuwahi alfajiri niiondoe konzi yangu, maana ikishalala usiku mmoja imemaliza kazi yake.

Alfajiri niliamka na malaria inatikisa kitanda. Nililala siku nne. Niliporudi kilimani, mkaa ulikuwa umekwisha fungwa na kupelekwa Tororo, kwenye nyumba aliyopanga Daktari, na kutoka hapo ukapanda ndege.

Ningesema siku ile ile. Lakini ningesema nini mbele ya watu wa chuo kikuu? Kwamba nimetia mkaa jikoni ili wafu wasinidhanie mwizi? Nikajiambia, labda walichota upande wa pili. Nikashika sepetu, nikanyamaza.

Majibu yalikuja mwezi wa kumi na moja. Daktari alituita wote chini ya turubai, karatasi mkononi. Jiko la kwanza la Sikoba lilikuwa na miaka elfu moja mia nne na hamsini.

"Mji hii ni mzee kama tanuri," alisema, na sauti ikamkatika. "Mzee kuliko tulivyoota."

Odoi alinirukia mgongoni. Nilicheka pamoja naye, ingawa nilijua papo hapo ni mkaa gani uliokuwa umezungumza.

Lunyo ililewa bila pombe. Redio ilitutaja. Jumapili, baada ya misa, waliniita mbele ya kanisa, nami nikasimama juu ya benchi:

Sikoba mji wa moto, chuma kilipofuliwa,
Mipaka bado ni ndoto, nchi haijagawiwa,
Tukavuta mivukuto, mbali tukatamaniwa,
Kale mno, kama mto, tulikwisha kuzaliwa.

Walinirudisha mara tatu. Mzee Bwire, ambaye hajawahi kumsifu mtu aliye hai, alitoa leso akafuta macho. Mtu anaponitazama vile siwezi kushuka kwenye benchi na kusema samahani, nimekosea. Labda mwingine angeweza.

Lorine hakupiga makofi. Jumatatu alimkabili Daktari kilimani, sisi sote tukisikia.

"Daktari, vyungu vinakataa. Vigae elfu nne kutoka shimo la tatu, na hakuna hata kimoja chenye kibonyeo. Jiko la miaka elfu na mia nne haliwezi kuwa na vyungu vya miaka mia nane."

"Mkaa imepimwa na mashine, Lorine. Wewe unapima na macho. Umechanganya mifuko."

"Sijachanganya."

"Basi vigae ya chini iko wapi?"

"Hii ndiyo ya chini! Ndiyo hii!" Alizunguka akatutazama, kisha macho yake yakanifikia. "Mugeni, mwambie. Si tulikuwa tunafunga mifuko pamoja, mimi na wewe?"

"Wiki ile nilikuwa na homa," nilisema.

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uoga mtupu. Kabla ya mchana Daktari alikuwa amemwambia apumzike kwanza, watampigia simu wakimhitaji. Aliweka penseli begini moja moja, akamwita boda, akaenda.

Hawakumpigia.

Sijui niielezeje ile miezi. Zamani, siku za Ijumaa, nilimsindikiza mpaka Busia. Tulishuka kwenye boda mapema ili tutembee, tukapita kando ya foleni ya malori, yeye ananieleza vyungu, mimi namkatiza kwa vina, yeye ananiambia, "Bana, wewe kelele nyingi," kisha anavuka bila kugeuka, na hatua chache upande wa pili anageuka. Sasa nikawa nakwenda peke yangu. Nilisimama upande wetu na waendesha boda, nikawatazama wanaorudi makwao jioni: wanawake wenye mabeseni, wanafunzi, mafundi. Mara mbili nilidhani nimeliona begi lake, na mara zote mbili halikuwa lake. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka pale hadi kwa Mama Metrine, na nisingezuiwa na mtu. Nilijizuia mwenyewe. Ningefika na kumwambia nini?

Na nilianza kuukosa mji. Hilo sikulitarajia. Kila nilipolisema lile shairi, na liliombwa kila mahali, nilijua naimba tanuri. Mji wenyewe, ule uliokuwa na watu na moshi na mama anayesokota kamba, ulikuwa umelala palepale chini ya turubai, na mimi niliyeutamani kuliko wote ndiye niliyeukalia kimya.

Mwezi wa pili Daktari aliniita Tororo. Nyumba yake inatazamana na ule mwamba mkubwa wa mjini, na meza ilijaa karatasi. Alikuwa anaandaa bango la kusimamishwa kilimani, na alitaka nihakiki shairi langu lisichapishwe na makosa. Lilikuwa pale katikati, kwa herufi nene. Chini yake, kwa herufi ndogo, palikuwa na mstari mmoja: vigae vya shimo la tatu havikutumika kwa kuwa vilichanganywa na mchoraji.

Nilisoma ubeti wangu. Nikasoma ule mstari. Nikarudia vyote viwili, na vilikuwa vimekaa karibu mno.

"Iko kosa?" aliuliza Daktari.

"Mstari wa chini uondolewe. Lorine hakuchanganya kitu. Mkaa ule ni wangu."

Alivua miwani. "Wako namna gani?"

Nikamweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza alianza kuuliza, polepole, kama mtu anayehesabu.

"Konzi ngapi?"

"Moja."

"Upande gani?"

"Katikati ya mafiga."

"Na sisi tulichota katikati." Alitazama dirishani. "Miezi saba wewe unajua, Mugeni. Mimi nasimama mbele ya watu, nasema uongo yako na mdomo yangu. Na ile binti nimemfukuza. Toka."

Nilikuwa nimeshika mlango aliposema, "Rudi. Keti hapo. Andika yote. Saa, mahali, kina. Na usiniletee shairi."

Niliandika kurasa mbili bila vina wala mizani. Alizisoma, kisha akachukua penseli na kuupiga msalaba ubeti wangu kwenye bango, taratibu, bila chuki.

"Matundu ya nguzo, hiyo hukugusa?"

"Sikugusa."

"Kuna mkaa kidogo huko. Tutapima hiyo. Lakini wewe usikuje kilimani tena. Mtu ambaye ametia kitu kwa shimo hawezi kuingia ndani ya kamba inazunguka mashimo. Hiyo ni sheria ya kazi, si hasira."

"Na hasira je, Daktari?"

"Hasira pia iko."

Siku hiyohiyo nilipitiliza hadi Busia, nikavuka. Lorine alikuwa kwenye meza ya mama yake, anapima dagaa kwa kopo.

"Huyu ndiye yule wa mashairi?" aliuliza Mama Metrine.

"Ndiye."

"Mbona mwembamba hivi? Nilidhani ni mtu mzima."

Lorine hakucheka. Nikasema yote, nimesimama, wateja wakipita kati yetu. Nilitegemea atanitukana. Badala yake alifuta mikono, akatoa daftari chini ya gunia, akanipa penseli.

"Chora."

Nikachora mafiga matatu na alama mahali nilipotia.

"Uliingiza kina gani?"

"Vidole viwili."

"Vyako?"

"Vyangu."

Alikishika kiganja changu, akakipima kwa rula, akaandika. Miezi mitatu nilikuwa nimetamani mkono ule, na sasa ulikuwa unanipima kama kigae. "Kwa hiyo chini ya vidole viwili kuna majivu ambayo hukuyafikia," alisema, na uso wake ukafunguka. Haukufunguka kwa ajili yangu. Ulikuwa unatazama kilima. "Basi inawezekana kujua."

"Inawezekana."

Alifunga daftari. Sasa akanitazama.

"Nilikuita kwa jina, Mugeni. Mbele ya watu."

"Najua."

"Hujui. Nimekaa hapa miezi yote hii narudia kila mfuko kichwani. Shimo la tatu, kina hiki, siku hii. Nikafika mahali nikaamini kweli nimechanganya. Nikaanza kujiuliza kama niliviona vile vyungu au nilivitaka tu."

"Nisamehe, Lorine."

"Sijui. Nenda kwanza."

Nikaenda. Hatua chache upande wetu niligeuka mimi. Yeye alikuwa anamhudumia mteja.

Majibu ya matundu ya nguzo yalikuja baada ya Pasaka. Miaka mia saba na sabini. Vyungu vilisema kweli. Huku Lunyo wanasema nimewauza, nimetoa miaka karibu mia saba ya watu bure. Mzee Bwire hanisalimii. Nyanya yangu peke yake hakukasirika, aliuliza tu kama wenye jiko walipata konzi yao. Nikamwambia walipata, ila Daktari akawanyang'anya akaipeleka Ulaya. Akaguna.

Lorine amerudi kilimani. Odoi huniletea habari jioni akipita kwenda kwake.

"Kamba ya vigae vya chini kabisa si moja," aliniambia juzi. "Anasema kulikuwa na mama watatu, kila mmoja anasokota namna yake. Mmoja ni kama wa ng'ambo ya mto Sio. Mwingine wa upande wa kwetu, Tororo. Wajopadhola, Mshairi! Sisi!"

"Tororo si ninyi peke yenu. Na wa tatu?"

"Wa tatu hajamjua."

"Ni wetu. Lazima ni wetu."

"Nilimuuliza hivyo. Akasema, mwambie Mugeni sijui kama watu wake walikuwepo."

Odoi alisubiri nimjibu kwa ubeti, kama kawaida. Nikamuuliza kamba ya huyo wa tatu imesokotwa vipi.

Shamba letu la muhogo linatazamana na Sikoba, bonde moja tu katikati. Napalilia pale kila siku sasa, hata penye magugu machache. Kutoka hapo turubai huonekana kama leso ya bluu, na mtu huonekana mdogo kama punje, lakini namjua. Huinuka, hupima, huandika, huinama tena. Akiinama kidogo, najua hakuna kitu. Akikawia, jembe langu husimama.

Leo ameinama tangu saa nane. Jua limeshuka, wenzake wanakusanya karai, na yeye hajainuka bado.